Mashini za CENI: hesabu ianzie Masisi na Walikale

Kila uchaguzi unapokaribia, wakubwa wa Kinshasa wanatutajia hesabu ya mashini: ngapi zimenunuliwa, ngapi zimetumwa majimboni. Sisi wa Kivu ya Kaskazini tunauliza swali lingine: mashini moja, ikiisha kufika Masisi ao Walikale, inaweza kuhudumia watu wangapi kwa siku?

Tufanye hesabu kidogo. Tuseme kuandikisha mtu mmoja, yaani picha, alama za vidole na kuchapa kadi, kunaomba dakika 10. Kwa masaa 8 zinatoka kadi 48. Batri ikizima katikati ya siku, zinabaki 24. Wengine wanarudi nyumbani mikono mitupu, na Walikale ni teritware ya kilometa za mraba zaidi ya elfu 23, yenye pori na barabara mbovu. Aliyetembea tangu alfajiri hawezi kurudi kesho kirahisi.

Ni hivi tuliona tarehe 20 Desemba 2023. Vifaa vilichelewa, mashini zingine zilikosa moto kwenye batri, na CENI ikalazimika kuongeza siku ya kupiga kura. Mashini zilikuwa nyingi, lakini umeme na barabara havikuhesabiwa vizuri.

Masisi haikufika hata pale. Juu ya vita ya M23, watu hawakuandikishwa, na teritware hiyo, pamoja na Rutshuru na Kwamouth, ikabaki nje ya uchaguzi. Hasara si kura peke yake. Inchi yetu haijahesabu raia wake tangu 1984, na kadi ya taifa haijawafikia watu. Ndiyo maana kadi ya mpiga kura ni ile unaonyesha kwenye banki, ukinunua laini ya simu, ao kwenye barieri. Asiyekuwa nayo anahesabika kama mgeni kwao.

Mwaka 2025 mambo yalizidi: Januari M23 ilikamata Masisi-centre, kisha Goma, Machi ikaingia Walikale-centre kabla ya kuondoka Aprili. Kwa hiyo mpango wa kupitisha kila kitu Goma hauwezi kutegemewa tena. Kwa Walikale, CENI itayarishe njia ya Lubutu na Kisangani. Kwa watu wa Masisi waliokimbia, iwaandikishe pale walipo, lakini wahesabiwe kwa teritware yao. Na pale mtandao haufiki, habari za kila siku zihifadhiwe mara mbili, zisipotee na mashini moja iliyoibwa ao kuungua.

Uchaguzi unaofuata ni wa 2028. Kabla ya kununua mashini zingine, CENI itangaze kwa kila sehemu: kadi ngapi kwa siku, batri ngapi za akiba, na siku ngapi za safari. Hesabu ikitosha Walikale, itatosha Kinshasa. Ikianzia Kinshasa, sisi tutabaki tena kwenye mustari.