Mfanyabiashara wa mpakani, usiitupe laptopu yako

Usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hiyo inawafaa wafanyabiashara wa Arua na Koboko wanaokimbilia kununua laptopu nyingine pindi ya zamani inapoanza kusuasua. Mara nyingi fedha hizo zingebaki kwenye mtaji.

Kompyuta si pambo tena mpakani. Aliyesajiliwa kwa VAT nchini Uganda hutakiwa kutoa ankara kupitia EFRIS, mfumo wa Mamlaka ya Mapato (URA). Bei za Kaya na Ariwara huja kwa simu, lakini hesabu za mzigo, madeni na stoo hukaa kwenye laptopu. Ikilala, biashara nayo husimama.

Chanzo cha kwanza cha uzito ni vumbi. Barabara ya Vurra–Arua–Koboko–Oraba ina lami, lakini kiangazi vumbi la kandokando huingia dukani na kuziba feni. Prosesa ikipata joto hupunguza kasi ili isiungue. Fundi akifungua mashine, akapuliza vumbi na kupaka upya dawa ya kupitisha joto, tofauti huonekana siku hiyohiyo. Kama bado inatumia diski ya kuzunguka, kuweka SSD huiongezea kasi kuliko jambo lingine lolote.

Chanzo cha pili ni mfumo wenyewe. Oktoba 14, 2025, Microsoft ilihitimisha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Windows 11 nayo hudai TPM 2.0, na kwa upande wa Intel, karibu prosesa zote zilizotangulia kizazi cha 8 hazikubaliki. Basi ukiona laptopu ya mtumba kwa bei ya kutupa, uliza kwanza prosesa yake ni ya kizazi gani.

Mashine ya namna hiyo haijafa. Linux Mint na Ubuntu hupatikana bure, hupokea marekebisho ya usalama, na Mint hufanya kazi vizuri kwa RAM ya GB 4. Wapo watakaosema programu yao ya hesabu inataka Windows. Ni kweli, baadhi zinataka. Ndiyo maana fundi mzuri huiwasha Linux kutoka kwenye flashi kwanza, mteja akajaribu tovuti ya URA, printa na faili zake kabla ya chochote kufutwa. Kibaya zaidi ni Windows ya wizi inayowekwa kwa bei ya soda, kwani huweza kuja na virusi vinavyoiba nywila.

Sharti moja halina mjadala: nakili faili zako kwenye diski ya nje kabla ya kumkabidhi fundi. Kuweka mfumo upya hufuta kila kitu, na daftari la madeni likipotea, wadaiwa hawatakukumbusha.

Ujuzi upo karibu. Katika makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp, shirika la CC4D lililoanzishwa na wakimbizi kutoka Sudan Kusini huendesha vikao ambako watu huleta vifaa vibovu na kujifunza kuvitengeneza. Wazo la vikao hivyo lilianzia Amsterdam mwaka 2009, na West Nile limepata mizizi.

Kwa maoni yangu, Jiji la Arua na Manispaa ya Koboko zinapaswa kuwapa mafundi hawa nafasi sokoni siku za gulio. Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016 na Kongo mwaka 2022. Tunazungumzia sana malori na ushuru, lakini fundi anayeaminika Oraba, Vurra na Ariwara ni sehemu ya utangamano huo pia. Vyama vya wafanyabiashara vianze kwa kudai mambo mawili kwake: risiti, na dhamana ya kazi aliyoifanya.