Nani alisema kuimba ni kusali mara mbili?

Kuanzia hapa Nyakato hadi Bunda na Butiama, ni vigumu kumpata mwanakwaya asiyeujua msemo huu: "Kuimba ni kusali mara mbili." Mara nyingi huongezwa jina la Mtakatifu Augustino, na mjadala unaishia hapo. Haulizwi ni katika kitabu gani.

Basi tuulize. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1156, inautaja msemo huo, na tanbihi yake inatupeleka kwenye ufafanuzi wa Augustino juu ya Zaburi ya 72 (katika Biblia zetu nyingi ni ya 73). Ukienda huko, msemo wenyewe huukuti. Unachokuta ni kwamba anayeimba sifa hasifu tu, bali anasifu kwa furaha, tena anampenda yule anayemwimbia. Wazo ni jirani, maneno siyo. Fungua sasa Maelekezo ya Jumla ya Misale ya Roma, namba 39. Hapo Augustino anapewa maneno yake halisi, kwamba kuimba ni kwa mwenye kupenda, na ule wa kusali mara mbili unaitwa msemo wa kale, bila jina la mtu. Tena unamtaja anayeimba vizuri. Wanaokwepa mazoezi ya kwaya wasikie.

Safari hiyo, kutoka tanbihi hadi kitabu na kitabu kingine, ndiyo kazi ambayo mkutubi wa leo anatakiwa kutufundisha. Wengi bado tunamwona kama mtu wa ufunguo, daftari la kuazima na kutunyamazisha. Katika karne ya 6 Mtakatifu Benedikto aliagiza kila mmonaki apewe kitabu mwanzoni mwa Kwaresima akisome chote kwa mfululizo. Vitabu vilikuwa vichache. Sisi simu zetu zimejaa maandishi, na mengi hayana baba wala mama. Machi 2023 picha ya Papa Fransisko akiwa na koti kubwa jeupe la baridi ilizunguka dunia. Ilikuwa imetengenezwa kwa akili bandia. Juni mwaka huohuo mahakama ya New York iliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha kesi zilizobuniwa na programu ya akili bandia, majina na kila kitu. Iombe programu kama hiyo nukuu ya Tomaso wa Akwino, itakupa na namba ya makala. Huenda ipo, huenda haipo.

Mawakili wale walishikwa kwa sababu upande wa pili ulizitafuta hizo kesi. Padri mimbarini hana upande wa pili. Mama wa jumuiya hatafungua tanbihi. Akisikia "Mtakatifu Augustino alisema," kwake limekwisha, na jioni atawafundisha watoto wake. Sisi tunaojiandaa kusimama pale tunapaswa kuiogopa imani hiyo tunayopewa bure.

Na hata Mwalimu Nyerere, mtu wa Butiama, msomaji aliyepata muda wa kumtafsiri Shakespeare, hajapona. Kila Oktoba tunatumiwa "maneno ya Mwalimu" yasiyo na mwaka wala mahali, ilhali hotuba zake zimechapwa vitabuni tangu miaka ya 1960.

Utaniambia maktaba zetu zina vitabu vya zamani na intaneti ni rahisi. Kweli, hata ufafanuzi ule wa Zaburi upo mtandaoni bure. Tunachokosa ni mtu wa kutuonyesha njia. Kwetu mafrateri ukutubi mara nyingi ni zamu tu, mwaka huu wewe, mwakani mwingine, kama bustani na nguruwe. Bagamoyo, ambayo Wakatoliki tunaikumbuka kwa wamisionari wa 1868, kuna pia chuo cha ukutubi, chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Majimbo hupeleka watu kusomea uuguzi, uhasibu na sheria za Kanisa. Yapeleke na mtu huko; si lazima awe padri, sista au mlei anafaa kabisa. Akirudi asikabidhiwe ufunguo tu. Apewe vipindi katika mwaka wa kwanza wa falsafa, kabla hatujaandika insha ya kwanza, na aalikwe pia kwenye semina za viongozi wa kwaya, hasa mwaka ule wanapotaka kushona sare mpya na kuziandika maneno ya mtakatifu.