MARADHI HAYANGOJI MAVUNO

Ndugu wanachama, tangu siku za TANU tuliambiwa kwamba adui zetu ni watatu: ujinga, umaskini na maradhi. Wakati wa Mwingereza mgonjwa alipangwa kwa rangi yake. Mjini Dar es Salaam Mzungu alitibiwa Ocean Road, penye upepo wa bahari, na Mwafrika akapelekwa Sewa Haji. Uhuru wa 1961 uliuvunja ubaguzi huo. Lakini tangu 1993, ada zilipowekwa katika hospitali za serikali, umeota ubaguzi mwingine, nao ni ubaguzi wa mfuko.

Tuseme wazi nani yumo na nani yu nje. Mtumishi wa serikali yumo. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, uliowekwa kwa sheria ya 1999, humkata 3 kwa mia ya mshahara na mwajiri huongeza 3. Hatumwonei kijicho, ni haki yake. Fukara naye, Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023 imesema atalipiwa. Nani basi aliyebaki? Wamebaki makabwela wa katikati: mkulima wa pamba, mvuvi, mama lishe, kijana wa bodaboda. Hawana mwajiri wa kuwachangia, wala si mafukara wa kuandikwa. Na hao ndio wengi wa nchi hii!

Wako mabwana wasemao, "Mkulima ni mkaidi; pesa ya ngoma anayo, ya bima hana." Hayo ni maneno ya mtu asiyejua jembe. Mfuko wa Afya ya Jamii ulianzia Igunga mwaka 1996, na ulipoboreshwa mwaka 2018 kaya ya watu 6 mikoani ilitakiwa kulipa Sh. 30,000 kwa mwaka. Kwa nini wengi hawakujiunga, na wengine wakajiunga mwaka mmoja wakaacha? Kila kijiji tupitacho jibu ni lile lile. Mchango ulidaiwa wakati ghala ni tupu, si wakati wa mauzo. Na aliyelipa, alipompeleka mtoto zahanati, aliambiwa dawa zimekwisha, akanunue dukani. Mtu aliyelipa mara mbili kwa ugonjwa mmoja hawezi kuitwa mkaidi akikataa kulipa mara ya tatu. Anajua hesabu.

Kwa hiyo twadai mambo matatu. Kwanza, malipo yafuate msimu: mkulima alipe kwa ridhaa yake kupitia chama cha ushirika siku ya mauzo, na mvuvi na bodaboda walipe kidogo kidogo. Pili, orodha ya wasio na uwezo ipitishwe na mkutano mkuu wa kijiji, mbele ya watu wote, asije akaandikwa shemeji wa mkubwa akaachwa mjane. Tatu, dawa ziwepo kabla ya kadi. Mwaka 2001, kule Abuja, serikali za Afrika ziliahidi kutenga 15 kwa mia ya bajeti kwa afya. Ahadi ni deni, na mdai ni mwananchi.

Lakini tusidai huku tumeketi. Kila balozi wa nyumba kumi achukue daftari, apite mlango kwa mlango, aandike: nyumba hii ina kadi au haina, na kama haina, sababu ni nini. Madaftari hayo yaletwe tawini, yasomwe, kisha yapelekwe kwa diwani na mbunge. Kiongozi aweza kuibishia hotuba. Daftari la kijiji kizima hataweza kulibishia.

Wazee walisema mgonjwa haulizwi uji. Mkoloni alituuliza rangi. Hatutakubali, katika nchi yetu wenyewe, mtu aulizwe risiti kabla ya kuulizwa anaumwa wapi. Ndugu, daftari mkononi, kazi ianze!