SINKI JEUPE LA JIKONI



Wengi mmeniuliza juu ya yale masinki meupe yenye kina kirefu, ambayo uso wake wa mbele unaonekana wote nje ya kabati. Wazee wanayakumbuka katika nyumba za wamisionari na hospitali za zamani. Sasa mabinti zetu wanaojenga wanayataka tena. Nitawaeleza namna ya kuchagua, lakini kwanza nina jambo la kuungama.

Mwaka juzi, katika kikao cha akina mama kanisani, nilifundisha usafi wa jikoni. Nilisema doa la chai kwenye sinki jeupe huondoka kwa klorini ya maji, ile tunayoiita jiki hata chupa ikiwa na jina lingine, na doa la kutu huondoka kwa limau. Yote mawili ni kweli. Nikafunga daftari, tukanywa chai.

Wiki chache baadaye mama mmoja kijana aliletwa zahanati akikohoa, macho mekundu, na mtoto mgongoni sauti imemkauka kwa kulia. Mama mkwe alikuwa anakuja Jumamosi, na doa la kahawia chini ya bomba lilikuwa limemshinda. Alimimina jiki. Doa lilipogoma, akaongeza dawa ya chooni yenye asidi, dirisha likiwa limefungwa kwa ajili ya vumbi. Alipopata pumzi akaniambia, "Mama nesi, si ulisema jiki inafaa na vitu vikali kama limau vinafaa?"

Sikuwa na jibu. Nilifundisha nusu ya somo. Jiki ikikutana na asidi, iwe dawa ya chooni, siki au hata limau, hutoa gesi ya klorini, nayo huunguza macho, koo na mapafu. Ikikutana na amonia, hata ile ya mkojo uliolala kwenye ndoo ya nepi, hutoa gesi nyingine mbaya. Ikitokea, toka nje wewe na watoto mara moja. Usibaki kufuta wala kumwaga. Osha macho kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi. Nenda kituo cha afya hata ukijisikia nafuu, maana kifua kinaweza kubana saa kadhaa baadaye. Maziwa hayatibu gesi iliyovutwa.

Mama yule na mwanawe walilazwa siku mbili, wakapona.

Sasa sinki lenyewe. Chukua sumaku dukani. Ikinata, hilo ni chuma kilichopakwa rangi ya kioo. Likigongwa na sufuria nzito hubanduka na kuanza kutu. Isiponata, huenda ni udongo uliochomwa kwa moto mkali, ambao hudumu zaidi. Kama limeshatumika, ligonge kwa kifundo cha kidole: sauti ya kengele ni nzuri, sauti butu ni dalili ya ufa. Kisha paka chai ya rangi na ufute. Ukiona vistari kama utando wa buibui, liache, maana uchafu utaingia humo na hautatoka.

Uzito ndio unaowashangaza watu. La sentimita 60 linaweza kufika kilo 40 likiwa tupu, na ukilijaza lita 40 za maji umeongeza kilo 40 nyingine. Kabati la mbao za kubandika halitaweza. Mwambie fundi ajenge matofali chini. Wala asikate meza kabla sinki halijafika nyumbani, kwa kuwa udongo hujikunja kidogo motoni na vipimo hutofautiana.

Kulitunza ni kazi ndogo kuliko tunavyoifanya. Acha mchanga, majivu na waya wa kusugulia (mama zetu walisugua sufuria hivyo, si sinki), kwa sababu tabaka la juu likikwaruzwa ndipo madoa hushika. Sabuni ya maji na kitambaa laini vinatosha kila jioni. Mistari ya kijivu si mikwaruzo. Ni alumini ya sufuria iliyobaki juu, nayo hutoka kwa bikabonati ya kuokea iliyolowanishwa. Ukimwaga maji ya ugali au ya tambi yanayochemka, fungua bomba la baridi kwanza.

Na lile doa la kahawia? Nilikwenda kulitazama. Maji yao ni ya kisima chenye madini ya chuma, na bomba lilikuwa likidondoka usiku kucha mahali pamoja. Fundi alibadilisha kimpira cha ndani ya bomba. Doa tulilitoa kwa limau peke yake, dakika chache, tukasuuza. Chupa ya jiki iko juu ya kabati la nguo, chumba kingine kabisa.