Kabla ya kupanda mlima, pima pawabenki yako kwa mizani

Wikendi ikifika, Nairobi inamwaga vijana. Pita katikati ya jiji Jumamosi alfajiri utawaona: buti miguuni, begi mgongoni, chupa ya maji ikining'inia, na matatu ya kukodi ikiwasubiri wale wachelewaji wawili ambao hawakosi katika kila kundi. Wengine wanaenda Ngong na kurudi jioni. Wengine Longonot, wengine Elephant Hill kule Aberdare. Na wale ambao miguu imeshazoea wanaenda Mlima Kenya, siku tatu au nne bila kuona soketi ya stima.

Ni jambo zuri, na liendelee. Lakini kuna kitu kimoja kwenye hayo mabegi ambacho watu wananunua kwa kubahatisha, nacho ni pawabenki. Buti mtu anajaribu duka tatu. Hema ataazima la mtu anayemwamini. Pawabenki ananunua Ijumaa jioni akikimbilia matatu, na anachoangalia ni namba moja tu, ile kubwa iliyoandikwa mbele ya boksi.

Mimi nilikuwa mmoja wao. Muuzaji aliniambia, "Chukua hii, brathe, elfu thelathini, unachaji simu wiki nzima." Nikatoa Sh1,200 nikaondoka nikijiona mjanja. Tulipanda kwa njia ya Sirimon tukiwa watu saba, tushukie Chogoria. Usiku wa kwanza, kambi ya Old Moses, nilijaza simu yangu mara moja. Usiku wa pili, kambi ya Shipton, nilichomeka tena. Taa nne za pawabenki zikawa moja, kisha hamna. Simu ilikuwa imefika asilimia 22.

Ningeweza kuishi bila picha za kilele. Kilichonitia hofu kilitokea siku ya kushuka. Ukungu uliingia mchana, mzito kiasi kwamba huoni mtu aliye hatua ishirini mbele. Mwenzetu mmoja alikuwa na goti bovu, akabaki nyuma. Simu yake ilikuwa imezima, yangu imezima, na tochi aliyokuwa akiitegemea ilikuwa ya simu hiyohiyo. Mwelekezi wetu alirudi kumtafuta na ilimchukua karibu saa mbili kumpata, ameketi kwenye jiwe, ametetemeka hadi hawezi kufunga zipu ya jaketi. Alipona. Hata hivyo tangu siku ile siiti pawabenki kifaa cha starehe.

Fikiria kazi ambazo simu inafanya mlimani. Kiingilio cha mbuga za KWS kinalipwa kwa eCitizen, kwa hiyo risiti yako iko kwenye simu. Pesa ya nauli kutoka Chogoria iko kwenye M-Pesa. Ramani iko humo, kengele ya kukuamsha saa nane usiku iko humo, namba ya mwelekezi na ya mamako ziko humo. Tumeweka mayai yote kwenye kapu moja, halafu kapu lenyewe tunalishikilia kwa kamba ya Sh1,200.

Sasa tuangalie hiyo namba. Ile 10,000 au 20,000 mAh iliyoandikwa mbele ni ujazo wa seli zilizo ndani, zinazofanya kazi kwa takriban volti 3.7. Simu inapokea volti 5 au zaidi. Katika kupandisha volti, sehemu ya nguvu inapotea kama joto, ndiyo maana pawabenki inapata moto mkononi. Kwa hiyo pawabenki ya 10,000 mAh, hata ikiwa ya kweli kabisa, haikupi 10,000. Watengenezaji waaminifu huandika namba ya pili kwa maandishi madogo nyuma, na kwa pawabenki ya 10,000 namba hiyo mara nyingi ni karibu na 6,000. Hiyo ndiyo namba ya kununua. Kama boksi halina namba ya pili, hiyo peke yake ni habari.

Kipimo kisicho na maneno mengi ni wati-saa, ambazo huandikwa Wh. Pawabenki ya 10,000 mAh ni Wh 37. Ya 20,000 ni Wh 74. Simu nyingi tunazobeba zina betri ya 5,000 mAh, sawa na Wh 19 hivi. Toa kile kinachopotea kama joto, utaona kwamba ya 10,000 inajaza simu kama hiyo mara moja na nusu, na ya 20,000 mara tatu. Mtu akikwambia mara sita, huyo anauza, hafundishi.

Na uongo wenyewe unakamatwaje kama huna mashine ya fundi? Kwa uzito. Seli nzuri za lithiamu zinabeba takriban Wh 250 kwa kila kilo, na nyingi hazifiki hapo. Maana yake, pawabenki ya kweli ya 20,000 mAh inahitaji gramu 300 za seli, kabla hujaongeza ganda na saketi. Ikiwa nyepesi kama simu, imekosa kitu tumboni. Ile yangu ya "elfu thelathini" nilikuja kuiweka kwenye mizani ya duka la nafaka mtaani (mwenye duka aliniangalia kama nimechanganyikiwa), ikasoma gramu 210. Kwa namba iliyoandikwa, seli peke yake zingekuwa zaidi ya gramu 440. Niliifungua na kukuta seli moja nyembamba na kipande cha chuma kilichogundishwa kwa gundi ili mkono usishtuke. Wewe usifungue ya kwako. Seli ikitobolewa inashika moto.

Kuna wanaopenda zile zenye kipande cha sola mgongoni. Zinapendeza, nakubali. Lakini kipande cha ukubwa wa kiganja kinatoa wati moja, pengine moja na nusu jua likiwa kali. Gawanya Wh 74 kwa wati moja na nusu, unapata saa zinazokaribia 50 za jua kali bila wingu. Mlima Kenya mawingu yanafunika kilele karibu kila mchana. Hiyo sola ni pambo, na uzito wake unaubeba wewe.

Baridi ndiyo adui ambaye wengi hawamjui. Shipton iko mita 4,200. Unapoanza kupanda Point Lenana, mita 4,985, usiku wa manane, hali ya hewa inaweza kuwa chini ya sifuri, na betri ya lithiamu ikipoa inashindwa kutoa nguvu iliyonayo. Simu inaonyesha asilimia 30 kisha inazima ghafla, nawe unailaani kampuni. Haijaisha, imeganda. Ipashe joto na sehemu kubwa ya chaji inarudi. Kwa hiyo pawabenki na simu zilale nawe ndani ya gunia la kulalia, na wakati wa kupanda ziwe mfuko wa ndani wa jaketi, karibu na mwili. Usiziache mfuko wa juu wa begi. Ukiwa huko pia weka simu katika hali ya ndegeni. Simu inayotafuta mtandao ambao haupo inakula betri kuliko unavyodhani, na ramani uliyopakua mapema itaendelea kukuonyesha ulipo bila mtandao.

Je, ninunue ya ukubwa gani? Kwa Longonot na Ngong, huhitaji kitu. Chaji simu nyumbani. Kwa usiku mmoja nje, 10,000 ya kweli inatosha na uzito wake ni gramu 200 hivi. Kwa siku tatu hadi nne, 20,000. Zaidi ya hapo ni kubeba mawe, labda mwe watu wawili mnaogawana. Angalia pia inachukua muda gani kujaa yenyewe, jambo ambalo hakuna anayeuliza dukani. Ya 20,000 yenye mlango wa wati 10 inaweza kula saa tisa. Ukifika Nanyuki saa tatu usiku na gari linaondoka saa kumi na moja alfajiri, na stima ikatike katikati kama kawaida yake, utapanda na nusu. Yenye kupokea wati 18 au zaidi itajaa kwa takriban saa tano.

Wanaosafiri kwa ndege kwenda Lamu, Lodwar au nje ya nchi wana sababu nyingine ya kusoma maandishi madogo. Kanuni za usafiri wa ndege zinataka pawabenki iwe kwenye begi la mkononi, kamwe si lile linaloenda chini, na isizidi Wh 100. Kati ya 100 na 160 unahitaji ruhusa ya shirika la ndege. Hizo Wh 100 ni kama 27,000 mAh. Hapa ndipo uongo wa muuzaji unapokuponza wewe: ile yangu iliyoandikwa 30,000 ingenyang'anywa kwa nguvu ambayo haina. Mashirika yamekuwa makali zaidi tangu ndege ya Air Busan iungue katika uwanja wa Gimhae, Korea Kusini, Januari 28, 2025, ambapo wachunguzi walisema huenda moto ulianzia kwenye pawabenki. Watu wote 176 waliokuwamo walitoka. Emirates imepiga marufuku kutumia pawabenki ndani ya ndege zake tangu Oktoba 1, 2025; unaruhusiwa kubeba moja tu.

Mtu atasema haya yote ni mambo ya bidhaa feki, nunua jina kubwa ulale. Si hivyo kabisa. Juni 2025 Anker, jina ambalo wengi tunaliamini, ilirudisha zaidi ya pawabenki milioni 1.1 zilizouzwa Marekani kwa sababu zingeweza kushika moto. Tofauti ni kwamba jina kubwa lilitangaza na kutaja modeli. Yule wa boksi lisilo na jina utamtafuta wapi?

Kwa hilo KEBS haiwezi kukaa pembeni. Bidhaa zinazoingizwa nchini zinatakiwa kuwa na stika yake, na stika hiyo inapaswa kumaanisha kwamba mtu amepima kile boksi linachosema. Pawabenki ya gramu 200 iliyoandikwa 50,000 mAh haihitaji maabara. Inahitaji mizani na dakika moja. Kuacha bidhaa hizo zijae madukani ni kumwachia kijana wa miaka 22 kazi ya ukaguzi, na yeye ana Sh1,500 na matatu inayopiga honi. Wauzaji nao waandike Wh na ujazo halisi mbele, si nyuma kwa herufi za kusomwa na mchwa.

Na waandalizi wa safari, nyinyi mnaotoza Sh15,000 au zaidi kwa mtu mmoja na kutuma orodha ya glavu, poncho na karanga: ongezeni mstari huu. Kila kundi liwe na pawabenki moja ya dharura ambayo haichaji simu ya mtu kwa ajili ya picha, anayeshuka wa mwisho ndiye aibebe, pamoja na tochi ya kichwani isiyotegemea simu. Kabla gari halijaondoka, kila mtu atoe yake ikaguliwe. Iliyofura tumbo, hata kidogo, ibaki mjini, na isitupwe kwenye takataka za ploti ambako kesho yake mtu atazichoma. Mpelekeeni fundi wa simu au kituo kinachokusanya taka za elektroniki. Mwenye nayo atalalamika kwamba bado inafanya kazi. Mwacheni alalamike, mkopesheni kebo.