Tangazo la Msiba Halitafutwi

Mwandishi mmoja amedai gazetini kwamba vipindi vya asubuhi vya redio za wilayani, vyenye salamu, matangazo ya vifo na bei za sokoni, vinapendwa na wazee tu, kwani simu sasa humpa kila mtu anachotaka.

Wazee tu? Vijana wa bodaboda waliofunga redio kwenye pikipiki zao wamezeeka lini?

Lakini hoja ya simu ndiyo mbovu zaidi. Nani huamka akatafuta habari za kifo cha shangazi yake? Tangazo la msiba humfikia asiyeuliza, tena mapema, kabla basi la kwanza halijaondoka. Enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam, msiba wa Mbeya ulisikika Mtwara na ndugu wakafunga safari. Kundi la WhatsApp linawajua wanachama wake tu. Jirani asiye na bando halimjui. Redio inataka betri, basi.

Orkonerei FM ilianza mwaka 2002 kule Terrat, Simanjiro, ikazungumza na wafugaji kwa Kimaasai. Mwandishi atutajie programu ya simu inayotangaza ng'ombe aliyepotea kwa lugha hiyo, huko huko malishoni.