Kioo Kipitishacho Nuru na Kuzuia Faida Yake

Akina mama wengi wakaao ghorofani huwalaza watoto wao karibu na dirisha lililofungwa, wapate jua la kukaza mifupa. Nia ni njema, lakini kioo kina siri yake.

Nuru ya jua si namna moja. Ibn al-Haytham, mwanachuoni wa Basra, alichunguza miaka 1000 hivi iliyopita jinsi nuru ionekanayo ipitavyo katika hewa, maji na kioo. Mwaka 1801 Johann Ritter, Mjerumani, akatambua kuwa ng’ambo ya rangi ya urujuani mna miale isiyoonekana, ambayo leo huitwa urujuanimno. Sehemu ya miale hiyo ndiyo iiwezeshayo ngozi kutengeneza vitamini D. Mtoto aikosaye huweza kupata matege, na mama yake akaumwa na mifupa na misuli.

Kila kitu hupitisha nuru kwa kadiri yake. Kioo cha kawaida cha dirisha hupitisha mwanga tele, lakini miale itengenezayo vitamini hiyo huizuia karibu yote. Kitambaa kizito cheusi huzuia vyote viwili. Ngozi nyeusi nayo huchuja, hivyo yahitaji muda mrefu zaidi juani kuliko nyeupe. Kwa hiyo chumba chaweza kujaa mwanga, na mtoto asipate alichotafutiwa.

Wala asiseme mtu kuwa kosa ni la buibui. Wazee wa Lamu walijenga nyumba zenye kiwanda, uwanja wa ndani usio na paa, ambamo mwanamke hupata jua pasi na kuonekana na ajinabi. Stara na jua vilikaa nyumba moja. Tulipohamia ghorofani, buibui tulikuja nalo, kiwanda tukakiacha nyuma.

Basi, akina baba, tengeni mahali penye jua uani au juu ya paa la zege, pazungushiwe ukuta au makuti, wake na mabinti wakae humo mikono na miguu wazi. Mtoto mchanga asiunguzwe na jua kali. Muulizeni muuguzi wa kliniki kipimo chake. Samaki wenye mafuta na mayai pia husaidia. Na mwenye maumivu yasiyokwisha aende akapimwe, asikisie.

Wabillahi tawfiq.